Dhahabu ya Kahama, Ndimi za Dodoma

Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa sababu ya Shinyanga. Hakuwa ameiba wala kumtukana mtu. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza watu walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao vikongwe, na serikali ikapeleka polisi na maofisa wa usalama kuwasaka wauaji. Msako ukageuka mateso. Baadhi ya waliokamatwa walifia mikononi mwa dola. Mwinyi hakuwapo walipopigwa, lakini polisi walikuwa wa wizara yake, basi akaandika barua, akaachia ofisi, akaenda Misri kuwa balozi. Mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Wazee wa siasa hupenda kulisimulia tukio hilo kuonyesha kwamba zamani viongozi walikuwa na haya. Mimi nalikubali kwa nusu. Kweli palikuwa na uungwana: waziri aliwajibika bila kuzomewa, na aliyemteua hakumchafua jina. Lakini chama kilikuwa kimoja. Hakuna aliyeketi upande wa pili wa ukumbi kumhoji kwa ukali, na familia za waliokufa hazikuwa na mbunge wa kuzipigia kelele. Ni rahisi kuwa na adabu pale ugomvi unapokatazwa. Ugomvi uliporuhusiwa, vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kampuni za nje zilikuwa zimeanza kupiga hodi Kahama na Geita kutafuta dhahabu. Tangu hapo mambo hayo mawili yamekwenda pamoja, na kila mara dhahabu ya ukanda huu inapofika mezani mwa wakubwa, mtu mmoja hutoka nje ya ukumbi akiwa ameitwa jina baya.

Mara ya kwanza ilikuwa Bulyanhulu. Mwaka 1996 eneo hilo la wilaya ya Kahama lilikuwa mji usio na ramani: wachimbaji wadogo kutoka kila pembe ya nchi, maduara yaliyochimbwa kwa mkono, mama lishe, wauza mitumba, wanunuzi wa dhahabu na mizani zao. Idadi yao ilibishaniwa tangu siku ile. Wapo waliotaja makumi ya maelfu na wapo waliotaja malaki. Leseni ya eneo lile ilikuwa ya Kahama Mining, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Mwishoni mwa Julai serikali iliwaamuru wachimbaji waondoke. Walikwenda Mahakama Kuu Tabora na kupata amri ya kusimamisha zoezi kwa muda, lakini Agosti zoezi likaendelea na maduara yakafukiwa. Ndipo ikazuka tuhuma nzito kuliko zote katika historia ya madini ya Tanzania, kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa humo wakiwa hai.

Serikali ilikana, na kampuni ilikana. Barrick ilipoinunua Sutton mwaka 1999 nayo ikakana. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya taasisi za Benki ya Dunia ilisema haikuona msingi wa tuhuma hiyo, huku Amnesty International wakiendelea kudai uchunguzi huru. Sitaamua hapa nani mkweli. Ninalotaka msomaji aliangalie ni namna viongozi walivyolijibu swali lenyewe. Waliolishikilia walikuwa wanasheria vijana wawili wa shirika la LEAT, Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, na mwanasiasa mmoja mzoefu, Augustine Mrema, aliyewahi kuketi katika kiti kilekile cha Mambo ya Ndani alichokiacha Mwinyi. Novemba 2001, miezi michache baada ya Rais Benjamin Mkapa kuuzindua mgodi wa Bulyanhulu, polisi walipekua ofisi za LEAT. Wote watatu wakafunguliwa mashtaka ya uchochezi. Swali lilikuwa: je, watu walikufa? Jibu la serikali likawa: ninyi ni nani mnaouliza?

Migodi ikaongezeka haraka. Nzega ilianza kabla ya karne kuisha, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3, na mikataba iliyosainiwa na kila kampuni ilikuwa siri, hata kwa wabunge. Hilo la siri ndilo mzizi wa yote yatakayofuata. Watu wakibishana juu ya karatasi ambayo wameiona, mmoja anaweza kufungua ukurasa akamwonyesha mwenzake kifungu. Wakibishana juu ya karatasi iliyofungiwa kabatini, kinachobaki ni kuaminiana au kutoaminiana, na ubishi wa namna hiyo hauchukui muda kuwa ubishi wa tabia ya mtu.

Jakaya Kikwete alipoingia Ikulu Desemba 2005 aliahidi kuipitia upya mikataba. Mapitio yakaanza. Kisha, Februari 2007, Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, akasaini mkataba mpya wa mgodi wa Buzwagi, kilomita chache tu kutoka Kahama mjini. Hakuusainia Kahama wala Dar es Salaam. Aliusainia London, hotelini.

Habari hiyo ilifika bungeni kwa mkono wa Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, kijana aliyekuwa na miaka 30. Ni vizuri kukumbuka hesabu za Bunge lile. Katika majimbo 232, CCM ilikuwa na 206. CHADEMA, chama cha Zitto wakati huo, ilikuwa na matano. Mtu mwenye wenzake wanne wa majimbo alisimama Agosti 2007 kuomba kamati teule ya Bunge ichunguze mkataba wa waziri: kwa nini London, kwa nini hotelini, kwa nini haraka wakati Rais mwenyewe ameagiza mapitio? Karamagi alijibu kuwa taratibu zilifuatwa. Mpaka hapo hakuna lililoharibika. Hoja imetolewa, waziri amejibu, Bunge lingeweza kupiga kura likaikataa, maisha yakaendelea.

Hoja ilikataliwa kweli, lakini mambo hayakuishia hapo. Mudhihir Mudhihir, mbunge wa Mchinga kwa tiketi ya CCM, alisimama na hoja nyingine: Zitto amelidanganya Bunge, aadhibiwe. Spika alikuwa Samuel Sitta, aliyekuja na sifa ya kutaka Bunge lenye kasi na viwango, na chini yake wingi ule wa CCM ukaamua kwamba mbunge wa Kigoma Kaskazini ni mwongo na asirudi ukumbini hadi Januari 2008. Mkataba haukuletwa mezani kupimwa na kauli zake. Wabunge ambao wengi wao hawakuwa wameuona waliamua kwa kura kwamba aliyeusema amesema uongo. Mimi naiona siku ile kuwa mbaya kuliko siku nyingi za matusi ya wazi zilizokuja baadaye, maana matusi hutoka kwa hasira za mtu, na huu ulikuwa uamuzi wa taasisi, umefuata kanuni, umeandikwa kwenye kumbukumbu rasmi.

Katika Usukuma, ambako Buzwagi na Geita zinapakana na mashamba ya pamba na mpunga, kuna Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu karne ya 19. Mavuno yakiisha hukutana uwanjani, kila upande na manju wake, na nyimbo za kusimangana ni sehemu ya mchezo. Manju anayejua kazi yake humchokonoa mpinzani hadi watu washike mbavu. Lakini mpinzani naye ana zamu yake siku ileile, na umati ndio unaoamua kwa kuhamia upande unaopendeza. Hakuna kundi linaloruhusiwa kuufukuza upande wa pili uwanjani na kisha kujitangaza mshindi. Dodoma, Agosti 2007, ndivyo ilivyofanyika.

Na umati ulihama. Zitto aliyenyamazishwa bungeni alipokewa kwenye viwanja vya mikutano kama shujaa. Septemba 15, Katibu Mkuu wa CHADEMA, Dk. Willibrod Slaa, alisimama Mwembeyanga, Temeke, akasoma orodha ya watu 11 aliowaita mafisadi, na jina la Karamagi likiwamo. Serikali ilipowatuma mawaziri mikoani kuieleza bajeti, wakazomewa. Hapo wakubwa wakaanza kulalamika kwamba wananchi wamekosa adabu. Sidhani walijiuliza wananchi wamejifunzia wapi.

Kikwete, ambaye hakuwa mtu wa kukunja ngumi, alifanya jambo ambalo halikutarajiwa. Novemba 2007 aliunda kamati ya kuangalia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, Mwanasheria Mkuu wa zamani na mwenyeji wa kanda hii hii ya Ziwa, na akamteua Zitto kuwa mjumbe, wakati adhabu yake ya uongo haijaisha. Alikuwamo pia John Cheyo, mwenyekiti wa UDP na mbunge wa Bariadi Mashariki, aliyejulikana kila mnada wa ng'ombe kwa jina la Bwana Mapesa, pamoja na Ezekiel Maige wa CCM, mbunge wa Msalala, jimbo lenye Bulyanhulu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mwongo Dodoma mwezi Agosti alikuwa mshauri wa Rais mwezi Novemba, juu ya jambo lilelile. Karamagi naye hakudumu. Februari 2008 kashfa ya umeme ya Richmond ilimwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa, na yeye akaondoka pamoja naye. Kamati ya Bomani ilimaliza kazi mwaka huohuo, na Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Bunge halikumwomba Zitto radhi.

Uchaguzi wa 2010 uliingiza wapinzani wengi zaidi ukumbini, CHADEMA ikiwa na majimbo 23, na ukanda wetu ulichangia kwa kura za ukali. Bukombe, ambayo leo iko Mkoa wa Geita, ilikwenda upinzani. Shinyanga Mjini, Stephen Masele wa CCM alitangazwa kumshinda mgombea wa CHADEMA kwa kura moja, na ugomvi wa kura hiyo ukaishi muda mrefu kuliko kampeni. Miaka miwili baadaye Masele alikuwa Naibu Waziri wa Nishati na Madini, msaidizi wa Profesa Sospeter Muhongo pamoja na George Simbachawene. Baadhi ya majina haya yatarudi.

Wizara hiyo ilikuwa kaa la moto. Juni 2014 ubishi wa fedha za umeme zilizotolewa katika akaunti ya Escrow ulipopamba moto, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alimwita mbunge David Kafulila tumbili, na Kafulila akamjibu kwa kumwita mwizi, mbele ya taifa zima lililokuwa likitazama televisheni. Nchi ilicheka wiki nzima. Desemba Werema alijiuzulu, Januari 2015 Muhongo akafuata. Kafulila baadaye alihamia CCM, na mwaka 2021 akawa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu.

Huko kuhama ndiko kunakonifanya nisiamini kwamba uhasama wa viongozi wetu ni wa itikadi. James Lembeli, mbunge wa Kahama kupitia CCM, ndiye aliyeongoza kamati ya Bunge iliyochunguza Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili, mwaka 2013, taarifa iliyowang'oa mawaziri wanne wa chama chake mwenyewe. Mwaka 2015 alikuwa CHADEMA. Mwaka huohuo CHADEMA ilimsimamisha kugombea urais Edward Lowassa, yuleyule aliyekuwa kwenye orodha ya Mwembeyanga. Slaa, aliyeisoma orodha, alisusa akaondoka, na John Magufuli, aliyeshinda urais, akamfanya balozi Sweden. Lowassa alirudi CCM mwaka 2019. Wananchi waliokuwa wameambiwa nani fisadi na nani mzalendo, na wengine wakagombana na jirani zao kwa hilo, waliachwa wakitazama wakubwa wakibadilishana viti.

Magufuli alikuwa mtoto wa ukanda huu. Chato, kwao, iliunganishwa katika Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, na alijua vizuri maisha ya watu wanaolala kando ya uzio wa mgodi. Machi 2017 alipiga marufuku kusafirisha makinikia, mchanga wenye shaba, dhahabu na fedha uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi kwenda kuyeyushwa nje. Makontena 277 yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Mei 24 Profesa Abdulkarim Mruma alimkabidhi ripoti iliyodai kwamba kilichokuwa ndani ni kingi mno kuliko kilichotangazwa, na siku hiyohiyo Muhongo, aliyekuwa amerudishwa wizarani, akafukuzwa. Juni 12 ikaja ripoti ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, nayo ikapendekeza wahojiwe mawaziri na wanasheria wa serikali zilizopita. Karamagi alikuwamo. Alikuwamo pia Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wa miaka ya kuingia kwa kampuni hizi na mbunge wa Bariadi, ambaye nchi ilimkumbuka kwa neno moja, vijisenti, alilolitumia mwaka 2008 kuelezea zaidi ya dola milioni moja zilizokutwa kwenye akaunti yake ya nje.

Basi, baada ya miaka kumi, Ikulu ya CCM ilikuwa ikisema yale yaliyomfukuzisha Zitto: mikataba mibovu, nchi imeibiwa, waliosaini wajibu. Mtu angetegemea siku hiyo pande mbili zipeane mikono. Badala yake ukumbi ulichafuka kuliko wakati wowote. Siku chache kabla ya ripoti ya pili, katika mjadala wa bajeti ya Nishati na Madini, John Mnyika wa CHADEMA alisikia sauti ikimwita mwizi. Akamtaka Spika Job Ndugai achukue hatua. Aliyetolewa ukumbini na askari ni Mnyika mwenyewe, na wenzake Halima Mdee na Ester Bulaya wakafungiwa kuhudhuria Bunge kwa karibu mwaka mzima kwa waliyoyafanya katika purukushani ile. Sheria tatu mpya za maliasili na madini zilipoletwa kwa hati ya dharura na kupitishwa kwa siku chache mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, Mdee na Bulaya hawakuwamo kuzijadili.

Lissu sasa alikuwa mbunge wa Singida Mashariki, mnadhimu wa upinzani na rais wa chama cha wanasheria. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: mikataba ile, mibovu kama ilivyo, ina vifungu vya usuluhishi wa kimataifa, na tukiivunja kwa pupa tutashtakiwa, tena walioipitisha ni CCM. Upande wa pili haukumjibu kwa vifungu. Ulimjibu kwa neno msaliti. Magufuli, akipokea ripoti ya Osoro, alimtaka Spika awabane wabunge wa namna hiyo ndani ya Bunge, na wakiyasemea nje yeye atashughulika nao. Julai kampuni zilizomiliki Bulyanhulu na Buzwagi zikatoa kweli notisi ya kwenda kwenye usuluhishi, serikali nayo ikadai kodi ya dola bilioni 190. Lissu naye hakuwa malaika wa ulimi. Alimwita Rais dikteta uchwara na alikamatwa mara kadhaa kwa maneno ya aina hiyo. Lakini kuna tofauti kati ya tusi la asiye na bunduki na tishio la mwenye nazo, na wanaozipima kauli za pande mbili kwa mizani moja husahau tofauti hiyo.

Septemba 7, 2017, Ikulu ya Dar es Salaam ilikuwa na shughuli nyingine ya kutoka Shinyanga. Spika alikuwa amefika na Waziri Mkuu kukabidhi ripoti mbili za kamati za Bunge, moja ya tanzanaiti iliyoongozwa na Doto Biteko, mbunge wa Bukombe, na moja ya almasi iliyoongozwa na Mussa Azzan Zungu. Almasi maana yake Mwadui, mgodi ambao John Williamson aliuanzisha mwaka 1940. Simbachawene, aliyetajwa kwa kazi aliyoifanya alipokuwa Nishati na Madini, alijiuzulu uwaziri siku hiyohiyo. Wakati taifa likizungumzia almasi, Dodoma, nje ya makazi ya wabunge Area D, watu wenye silaha walilimiminia risasi gari la Lissu. Risasi 16 zilimpata. Alipelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa tukio hilo.

Siku chache baadaye Geita ilionyesha kwamba hata mwenye kadi ya chama tawala hakuwa salama akilidai jambo lenyewe. Madiwani walifunga barabara ya kwenda mgodi wa Geita wakidai ushuru wa huduma wa zaidi ya dola milioni 12. Mbunge wao, Joseph Kasheku Musukuma wa CCM, mtu ambaye hakuwahi kuogopa kumkejeli mpinzani bungeni, alikamatwa na polisi pamoja nao.

Mwisho wa makinikia ulikuwa wa mezani. Profesa Palamagamba Kabudi alijadiliana na Barrick, na Oktoba 2017 ikatangazwa kwamba kampuni itatoa dola milioni 300. Zikaitwa kishika uchumba, na mtaani mzaha ukazunguka wa magari ya Noah ambayo kila Mtanzania angepata kutoka kwenye zile bilioni 190. Januari 2020 ikasainiwa Twiga Minerals, serikali ikipata hisa asilimia 16, na mrabaha ulikuwa umeshafika asilimia 6. Ni hatua kubwa kuliko asilimia 3 za 1998, na mpinzani anayeikana anajidanganya. Lakini notisi ya usuluhishi ambayo Lissu aliionya ilikuja kweli, na CCM inayokana hilo nayo inajidanganya. Kila mmoja alishika kipande cha ukweli, na hakuna hata siku moja ambapo wenye vipande hivyo waliketi meza moja.

Waliotoa wenzao nje hawakubaki salama, sawa na waliotolewa. Ndugai, aliyesimamia adhabu nyingi, alihoji mikopo ya serikali Desemba 2021. Wenzake wa CCM wakamgeuka, akaomba radhi, na Januari 6, 2022 akajiuzulu. Lissu, aliyerudi na kuwa mwenyekiti wa CHADEMA mwaka 2025, alishtakiwa kwa uhaini Aprili mwaka huohuo. Na Juni 2024 Luhaga Mpina wa CCM, mbunge wa Kisesa, jimbo la Meatu lililokuwa Shinyanga hadi 2012, alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe wa Nzega, kwa kulidanganya Bunge juu ya vibali vya sukari. Bunge likamfungia Mpina vikao 15. Agosti 2025 akahamia ACT-Wazalendo, chama ambacho Zitto naye alikwisha kuhamia akitoka CHADEMA.

Buzwagi ilianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na ikafungwa mwaka 2021. Kamati teule ya kuuchunguza mkataba wake haikuundwa.